Kistari Katika Kisanduku cha 14

Kistari chenyewe kilikuwa kidogo, kimepigwa kwa kalamu ya bluu katikati ya kisanduku cha swali la 14. Dada aliyekuwa akiyaingiza madodoso yale kwenye kompyuta aliinua karatasi, akaigeuza kama anayetafuta jibu upande wa nyuma, kisha akaniuliza: "Kaka, hapa niweke sifuri au niache wazi?" Swali lilitaka idadi ya siku ambazo mhojiwa alishindwa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa katika mwezi uliopita. Nikamwambia aweke sifuri. Nilimjibu kwa sauti ya mtu anayejua, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa chumba kile, na msimamizi akiulizwa hujibu. Nilibahatisha tu.

Sifuri hiyo ikawa sheria ya chumba kizima. Wiki kadhaa baadaye mchambuzi akatuletea jedwali lenye kioja: watu wasio na ajira ndio waliokuwa na afya njema kuliko kundi lolote, kwani hakuna hata mmoja wao aliyekosa kazi siku moja kwa ugonjwa. Kumbe wadodosaji walikuwa wakiweka kistari pale mhojiwa alipokuwa hana kazi kabisa, yaani swali halimhusu. Ndivyo aliyelitunga dodoso alivyokusudia. Wadodosaji walielezwa hilo kwenye mafunzo yao. Sisi wa kwenye kibodi hatukuelezwa, na mimi niliyepaswa kwenda kuuliza niliona aibu kuuliza jambo dogo kama kistari.

Naanza na kosa langu mwenyewe kwa sababu hili ninalotaka kulisema linagusa watu wa juu kuliko waingizaji. Ukisikia wakubwa wakilalamikia "makosa ya uingizaji", wanawaza vidole: 36 iliyogeuka 63, herufi iliyorukwa, mstari ulioingizwa mara mbili. Makosa hayo yapo, na dawa yake inafahamika siku nyingi. Dodoso moja huingizwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, kisha programu inalinganisha na kuonyesha walipotofautiana. Programu ya CSPro, inayotolewa bure na idara ya sensa ya Marekani na kutumiwa na ofisi za takwimu za nchi nyingi, ina kazi hiyo ndani yake. Ukifanya hivyo, 63 ya bahati mbaya itakamatwa.

Lakini kistari changu kisingekamatwa. Mwingizaji wa kwanza angeweka sifuri, wa pili angeweka sifuri, programu ingeridhika, na ripoti ya ubora ingeandika kwamba tofauti kati ya waingizaji hao wawili ni ndogo mno. Wote wawili walikuwa wametii agizo langu. Kulinganisha watu wawili hupima kama vidole vyao vinakubaliana. Hakupimi kama walielewa kilichoulizwa. Na kwa nilivyoona, makosa yanayopindua matokeo ya utafiti mara nyingi ni ya aina hii ya pili.

Tazama safari ya swali moja. Anayelitunga analo kichwani kusudio lake: anataka kujua nini, kwa ajili ya hesabu gani, nani asiulizwe, jibu lipi litamshangaza. Sehemu ya kusudio hilo anaiandika kwenye dodoso, kwa maneno machache kwa sababu karatasi ni finyu. Sehemu nyingine anaisema kwenye mafunzo ya wadodosaji, ambao hupewa siku kadhaa, mwongozo mnene na mazoezi ya kuhojiana. Mdodosaji anarudi kutoka kazini na karatasi zilizojaa alama: vistari, vifuto, duara mbili kwenye swali linalotaka moja, maelezo pembeni kwa herufi za kubanana. Karatasi hizo zinafika kwa mwingizaji, ambaye mafunzo yake yalikuwa saa mbili za namna ya kufungua programu, kuhifadhi kazi na kuhama kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Yeye ndiye msomaji wa mwisho wa karatasi ile. Baada yake hakuna atakayeiona tena. Watu wote watasoma alichokiandika yeye. Na ndiye aliyeambiwa machache kuliko wote.

Hali hii ni kongwe kuliko kompyuta. Kwenye sensa ya Marekani ya mwaka 1890, Herman Hollerith alipoleta kadi za matundu na mashine za kuzihesabu, kazi ya kuhamisha majibu ya watu zaidi ya milioni 62 kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kadi ilifanywa na makarani, kadi moja kwa kila mtu. Mashine ikasifiwa kote, na kwa haki. Lakini mashine haikusoma mwandiko wa mtu yeyote. Aliyesoma alikuwa karani, na tundu alilotoboa ndilo lililokuwa ukweli wa mashine.

Miaka 60 baadaye sensa ya nchi hiyo hiyo ilizaa kituko ambacho kila anayefundisha waingizaji angepaswa kukisimulia. Mwaka 1962 watafiti wawili, Ansley Coale na Frederick Stephan, walichapisha uchunguzi wao juu ya majedwali ya sensa ya 1950. Kulikuwa na wavulana wa miaka 14 waliofiwa na wake zao kwa wingi usioelezeka, na idadi ya wenyeji asilia wa Marekani katika baadhi ya makundi ya umri wa ujana ilikuwa imevimba kwa namna ya ajabu. Walipoifuatilia kanuni ya namba zile waligundua chanzo kinacholingana na dalili zote: kadi chache zilitobolewa zikiwa zimesogea safu moja kulia. Tarakimu ya swali moja ikaangukia kwenye safu ya swali jirani, na kwa kuwa huko nako ilikuwa tarakimu halali, mashine ikaipokea bila kulalamika. Mtu mzima wa makamo akageuka mvulana mjane.

Kinachonivutia zaidi ni ukubwa wa kosa. Kadi zilizoharibika zilikuwa sehemu ndogo sana ya zote. Ukiitazama nchi nzima huoni kitu. Ila kundi likiwa dogo, kama la wajane wa miaka 14, makosa machache yanayomwagika kutoka kundi kubwa yanaligharikisha. Na makundi madogo ndiyo ambayo tafiti nyingi hufanywa kwa ajili yake: wagonjwa wa ugonjwa adimu, wazee wa miaka 90 na zaidi, watoto waliokosa chanjo moja. Mwingizaji anayeelewa kwamba safu hii ni ya umri na ile ni ya hali ya ndoa, na kwa nini zinakaa pamoja, ana nafasi ya kushtuka. Anayejua tarakimu tu hana cha kushtukia.

Kuna kisa kingine cha kuchekesha, japo waliohusika hawakucheka. Mwaka 2007 polisi wa Ireland walizinduana wao kwa wao kwa waraka wa ndani. Kompyuta zao zilikuwa na dereva sugu wa makosa ya barabarani, raia wa Poland aitwaye Prawo Jazdy, mwenye anwani tofauti kila anapokamatwa. Alikuwa ameshasajiliwa kwa utambulisho zaidi ya 50. Maneno "prawo jazdy" kwa Kipolandi ni "leseni ya udereva". Yamechapwa juu ya kila leseni ya nchi hiyo. Askari waliyanakili kutoka mahali ambapo kwenye hati waliyoizoea wangetarajia jina, na kila herufi waliiandika sawasawa. Huwezi kuwalaumu kwa uzembe wa mkono. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia aliyeichora hati ile alikusudia nini kikae wapi.

Basi turudi kwenye kisanduku kitupu, kwa sababu hapo ndipo penye utajiri wote. Kisanduku kisicho na kitu kinaweza kumaanisha kwamba swali halimhusu mhojiwa. Kinaweza kumaanisha aliulizwa akasema hajui. Au aliulizwa akakataa kujibu, hasa likiwa swali la kipato au la maradhi ya siri. Au mdodosaji alisahau. Au ukurasa wa pili ulilowa na mvua hausomeki. Au jibu kweli ni sifuri na mdodosaji ni mvivu wa kuchora duara. Hizo ni hali sita, na kwa mchambuzi kila moja ina hesabu yake. Aliyekataa kutaja kipato mara nyingi hafanani na asiyekijua. Tafiti nzuri huzipa hali hizi misimbo tofauti. Utazikuta 97, 98 na 99 zikiwa zimetengwa kwa kazi hiyo. Halafu inatokea hatari nyingine: msimbo 98 wa "sijui" ukiwekwa kwenye swali la umri, ndani ya jedwali anazaliwa mzee wa miaka 98. Ndiyo maana kwa umri watunzi makini hutumia tarakimu tatu, 998. Sasa mwambie mwingizaji tu kwamba "umri ni tarakimu tatu" na atakuona unamsumbua. Kwa nini aandike 034? Mwambie sababu, na atakulindia kanuni hiyo kuliko unavyoilinda wewe.

Mfano mwingine. Dodoso linasema "umri wa mtoto kwa miaka kamili". Mdodosaji ameandika "miaka 4 na miezi 11". Mwingizaji mwenye akili timamu na haraka ya kumaliza anaweka 5, kwa sababu miezi 11 ni kama mwaka. Kwa akili ya kawaida yuko sahihi. Lakini aliyelitunga anahesabu watoto walio chini ya miaka mitano, yaani hadi miezi 59, na huyo ana miezi 59 barabara. Kwa kuzungusha kule, mtoto ametoka nje ya utafiti, yeye na chanjo zake. Sentensi moja ingetosha: "Swali hili linahesabu watoto walio chini ya miaka mitano, usizungushe juu." Ni maneno kumi na moja tu.

Vivyo hivyo kwenye cheti cha kifo cha kimataifa kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Sehemu ya kwanza ina mistari inayoshuka: wa juu ni hali iliyomuua mtu moja kwa moja, unaofuata ni kilichosababisha hali hiyo, na kuendelea hadi mstari wa chini uliojazwa, ambao ndio chanzo cha yote. Takwimu za vifo hutegemea zaidi chanzo hicho. Jicho la mtu yeyote asiyeelezwa litaamini kwamba kilicho juu ndicho kikuu. Akibanwa na muda, ataingiza mstari wa kwanza na kuona amechukua kiini, kumbe amechukua tone la mwisho na kuiacha chemchemi.

Lugha nayo haisaidii. Fomu ikiuliza "saa" na mtu akaandika 2:30, kwa msomaji wa Kiswahili hiyo ni asubuhi kwenye jua au usiku wa mapema. Kwa programu ni usiku wa manane. Tarehe 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kipo tangu 1988 na kinataka mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, lakini kiwango kiko kwenye kompyuta. Kalamu ya mdodosaji haikukisoma.

Pingamizi nimelisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu: mwingizaji akielezwa kusudio ataanza kurekebisha. Ataona mjane wa miaka 14, atasema "huyu lazima ni 41", atageuza. Kazi yake ni kunakili, si kufikiri. Nakubali nusu ya hofu hiyo. Data zilizosafishwa kimyakimya na mtu mwenye nia njema ni mbaya kuliko chafu, kwa kuwa uchafu wake hauonekani tena. Lakini ile nusu ya pili inadhani kwamba asiyeelezwa hafikirii. Anafikiri! Amekaa peke yake na kistari, programu inamgomea asisogee mbele mpaka aandike kitu, na msimamizi yuko kwenye simu. Atachagua. Swali ni kama atachagua kwa kujua au kwa kubahatisha, na kama uchaguzi wake utaacha alama.

Ninachokitetea ni kumpa vitu viwili kwa pamoja, kimoja bila kingine ni hasara. Kwanza, kurasa chache za kusudio, zilizoandikwa na aliyelitunga dodoso mwenyewe: kila swali, jibu lake litatumika kwenye hesabu gani, nani halimhusu, jibu gani la ajabu ambalo ni la kweli. Hilo la mwisho watu hulisahau. Kaya yenye watu 19 ipo. Mwanamke aliyezaa watoto 13 yupo. Mwingizaji asipoambiwa hivyo atadhani ni kosa la kalamu. Pili, mahali pa kuweka shaka: kisanduku cha ziada kwenye skrini, au daftari la kawaida, ambamo anaandika namba ya dodoso, namba ya swali, alichokiona na alichokifanya. Aingize kilichoandikwa, shaka aitie alama, uamuzi afanye mwingine. Daftari hilo lisomwe kila siku, jioni ile ile, na jibu lake liwafikie waingizaji wote asubuhi inayofuata. La sivyo kila mmoja atakuwa na sheria zake, na kiti cha dirishani kitatoa takwimu tofauti na cha mlangoni.

Wengi huona njia rahisi ni kuifanya programu iwe kali: ikatae umri uliozidi 110, ikatae kisanduku kitupu, ikatae tarehe isiyo kamili. Ukali huo una faida pale unapozuia lisilowezekana. Unapozuia lisilojulikana, unafundisha uongo. Mtu asiyejua siku aliyozaliwa, kwenye mfumo unaolazimisha siku na mwezi, anazaliwa tarehe 1 Januari. Ndiyo maana kwenye orodha nyingi za watu waliosajiliwa ukubwani siku hiyo inaonekana kama sikukuu ya uzazi. Na maonyo yakizidi, jicho huyazoea. Tarehe 8 Desemba 2005, kwenye soko la hisa la Tokyo, mfanyakazi wa kampuni ya Mizuho Securities alikusudia kuuza hisa moja kwa yen 610,000. Akaingiza hisa 610,000 kwa yen moja. Onyo lilijitokeza kwenye skrini, likapitwa. Hasara ilifika takribani yen bilioni 40.

Hata mashine ikipewa kazi ya kukisia kusudio, haifanyi vizuri zaidi. Wataalamu wa jenetiki waliandika majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kwenye majedwali ya Excel, nayo Excel ikayageuza kuwa tarehe za Septemba na Machi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kosa la namna hiyo kwenye takribani moja ya tano ya makala za jenetiki zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ilisalimu amri: jeni zikapewa majina mapya, SEPTIN1 na MARCHF1. Wanadamu wamebadilisha majina ya sehemu za miili yao ili jedwali lisichanganyikiwe. Sijui kama nicheke.

Wapo watakaoniambia mambo haya yamepitwa, siku hizi mdodosaji anabeba kishikwambi na chumba cha waingizaji kimefungwa. Kimefungwa, ndiyo, lakini kazi haikufa. Imehamia mlangoni kwa mhojiwa. Mdodosaji sasa ndiye mwingizaji, amesimama juani, ana mtu mbele yake anayetaka kurudi jikoni, na skrini inayokataa kusonga mbele. Daftari la shaka halina mahali pa kukaa. Kistari nacho kimetoweka, maana kishikwambi hakina kistari, kina sifuri.

Halafu kuna suala la malipo, ambalo watunga fomu hawapendi kulizungumza. Mwingizaji anayelipwa kwa idadi ya madodoso analipia kila swali analouliza. Dakika tano za kumtafuta msimamizi ni nusu ya dodoso. Huwezi kumwambia mtu "uliza ukiwa na shaka" na wakati huo huo kumkata fedha kwa kuuliza. Kwenye kazi moja tulijaribu kulipa kwa siku badala ya kwa karatasi. Kasi ilishuka wiki ya kwanza, tukaonekana tumekosea. Daftari la shaka likajaa kurasa nne.

Kurasa hizo nne tulimpelekea aliyelitunga dodoso. Hakukasirika. Alivuta kiti akakaa kwenye kompyuta ya yule dada, akaomba madodoso kumi ambayo hayajaingizwa, akaanza kuyaingiza mwenyewe, dodoso lake, maswali yake. La kwanza alilimaliza vizuri, la pili pia. Kwenye la sita alisimama. Akaliinua, akaligeuza nyuma, akalirudisha mezani.

"Dada," akauliza, "hapa huwa mnaweka nini?"